Nilikopi setingi za mtu, zikanipotezea kazi ya usiku mzima

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja anayejifunza programu hapa dukani kwangu Mwanga, Kigoma, alikuja asubuhi na mapema, "Shikamoo kaka, naomba unirushie lile faili lako la setingi za Vim, nataka edita yangu iwe kama ya kwako." (Vim ni edita, yani programu ya kuandikia programu, na faili la setingi ndo linaloipangia rangi na tabia.) Nikamwambia marahaba, ila faili sikupi. Akanyamaza, nikaona kabisa kaumia, kadhani namnyima maarifa. Nikamwambia kaa hapo, nikamsimulia yaliyonikuta mwaka 2020, na baadae nikaona kwanini nisiyaandike kabisa, maana humu Kigoma tuko wengi tunaojifunza wenyewe kwa laptopu za mtumba na bando la kubana, na kila mtu anaanzia palepale nilipoanzia mimi, kukopi.

Nianze na mashine. Mwaka 2019 nilimtumia kaka yangu aliyeko Dar laki nne na nusu, akanichukulia ThinkPad ya mtumba Kariakoo, ramu jibi 4, akaipakia kwenye treni ya reli ya kati ikafika imefungwa na nguo. Nilifurahi sana. Betri yake ilikuwa imekufa, yani ukichomoa waya inazima hapohapo, na mimi sikujali, nikasema si nakaa dukani muda wote nimechomeka. Hili la betri likumbuke.

Nilianza na VS Code kama watu wengi. Ni edita nzuri sana na sina neno nayo, ila imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake imebeba injini nzima ya brauza ya Chromium, sasa ukiifungua na Chrome ikiwa wazi pembeni kwenye jibi 4, mashine inaganda mpaka unasikia feni inalia. Mchana nachapa barua za watu na kutoa fotokopi, usiku ndo najifunza lugha ya programu ya PHP, kwahiyo sikuwa na muda wa kusubiri mashine ifikirie. Rafiki yangu mmoja akaniambia hamia Linux, ule mfumo endeshi wa bure, utumie Vim, inakimbia hata kwenye mashine ya zamani. Nikahamia.

Mara ya kwanza kuifungua Vim kuna kitu kilinigusa. Ukiifungua bila faili inakukaribisha na maneno ya kuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Nikashtuka, Uganda hii ya hapa jirani? Nikafuatilia, kumbe aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1991, aliwahi kwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda, sehemu ambayo ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi, na tangu hapo akawa anasema programu yangu ni bure lakini ukiipenda wasaidie wale watoto. Alifariki Agosti 2023. Siku nilipopata habari nilikaa kimya dukani kwa muda, mtu sijawahi kumuona lakini kila siku ya kazi yangu nashika kitu alichokitengeneza.

Ila Vim ikiwa tupu inatisha. Hata kutoka sikujua (bonyeza Esc, andika :q! halafu Enter, nakuokolea nusu saa). Haina namba za mistari, kwangu ilikuwa haina rangi, haina chochote. Nikaenda GitHub, tovuti ambako watu wanaweka kazi zao za programu, nikatafuta mtu mwenye setingi nzuri, nikampata jamaa wa nje huko, kaweka picha za skrini yake, rangi ya zambarau na pinki juu ya weusi, chini kuna ki-bari kinachong'aa, pembeni folda zina vialama. Nikaipenda kama mtu anavyopenda gari la mwenzie. Faili lilikuwa na mistari zaidi ya 600 na plagini 58, yani vijiprogramu vya kuiongezea edita uwezo. Kuzishusha zote zilikula bando langu la wiki usiku mmoja, na hata ziliposhuka nusu zinatoa makosa kwasababu zilitaka vitu ambavyo sikuwa navyo. Nikahangaika nazo kama wiki tatu, kila usiku, badala ya kujifunza PHP. Nasema wiki tatu nikiwa nimehesabu kweli, na katika wiki hizo sikuandika mstari hata mmoja wa kazi. Nilikuwa nabadilisha rangi tu, naangalia, nabadilisha tena. Inakupa hisia ya kufanya kazi. Unachoka kabisa, unaenda kulala umeridhika, kumbe hakuna kilichofanyika.

Halafu vitu vilikuwa vinatokea sielewi. Napiga kitufe, aya inapotea. Nagusa spesi, kinafunguka kidirisha. Siku moja nikabonyeza Ctrl+S kwa mazoea ya kusevu, skrini ikaganda, nikajua mashine imekufa nikafunga terminali yote (lile dirisha la kuandikia amri, Vim inafunguka humo), kazi ikaenda. Hilo la Ctrl+S wala halikuwa kosa la setingi, ni tabia ya terminali tangu zamani, inasimamisha maandishi yasitoke, ukibonyeza Ctrl+Q inaendelea. Ila unapokuwa na mistari 600 usiyoijua huwezi kujua lipi ni la edita, lipi la plagini, lipi la terminali, kila kitu kinakuwa uchawi.

Sasa tufike usiku wenyewe.

Kuna mama mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Kibirizi, anatuma mzigo Burundi na mikoani, alitaka mfumo mdogo wa kuandika nani kachukua gunia ngapi na nani anadaiwa. Tulikubaliana laki tatu na nusu, kwangu ilikuwa hela kubwa na ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya programu ya kulipwa. Usiku wa mwisho nikakaa kuandika sehemu ya madeni, ile ngumu kuliko zote, kuanzia kama saa mbili. Iliingia yote kichwani siku ile, unajua zile siku, unaandika tu mwenyewe unashangaa. Sikuwa nasevu mara kwa mara, hilo kosa langu. Miaka hiyo Kigoma tulikuwa bado tunatumia umeme wa majenereta, hatujaungwa gridi ya taifa, na kwenye saa nane kasoro usiku ukakatika. Giza. Mashine puu.

Sikuogopa sana mwanzoni, maana yule rafiki yangu alishaniambia Vim inatunza faili la pembeni linaloishia na .swp, inaandika humo kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4 hivi, kwahiyo hata umeme ukikatika unarudi unaandika vim -r na jina la faili, unakuta karibu kila kitu. Umeme ukarudi alfajiri. Nikaandika. Hakuna. Nikaangalia folda nzima, hakuna faili la .swp hata moja. Nilikaa pale nikasikia adhana ya alfajiri inaisha na mimi bado naangalia skrini, nilitaka kulia na sioni aibu kusema.

Kupata sababu kulinichukua siku mbili. Katikati ya ile mistari 600 kulikuwa na mstari mmoja mfupi: set noswapfile. Jamaa alizima lile faili la pembeni. Na mistari miwili chini yake kazima na nakala za akiba.

Nikamkasirikia yule mtu, halafu nilivyotulia nikaona hana kosa hata kidogo. Yeye laptopu yake ina betri nzima, umeme wa kwao haukatiki, yale mafaili ya .swp yanamjazia folda tu, kwake ule mstari ni sahihi kabisa. Setingi zake zilikuwa zimebeba maisha yake. Umeme wake, intaneti yake, skrini yake, macho yake, mpaka chumba anachokaa. Mimi nikazichukua nikazileta Mwanga kwenye mashine isiyo na betri nikategemea zifanye kazi vilevile.

Kwa mama nilichelewa siku nne. Nilimueleza ukweli, akanisikiliza, akasema "Mwanangu, mimi dagaa wangu wakiharibika siwezi kumwambia mteja umeme ulikatika." Akanikata laki moja. Alinilipa laki mbili na nusu, na akaendelea kunipa kazi mpaka leo, namshukuru, lakini yale maneno yamekaa.

Unadhani nilijifunza hapohapo? Nilifuta ule mstari mmoja tu nikabaki na yale 599. Rangi ndo zikanipiga tena.

Duka langu linatazama magharibi, upande wa ziwa. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia mlangoni, na saa tisa linakuwa usoni kwa skrini kabisa. Ile thimu, yani mpangilio wa rangi, ya zambarau juu ya weusi usiku ilikuwa nzuri, mchana ilikuwa kioo, najiona sura yangu tu. Sasa kwenye thimu nyingi za giza, yale maelezo ambayo mwandishi anamuachia mwenzie ndani ya programu yanawekwa kijivu kilichofifia ili yasikusumbue. Nilikuwa narekebisha mfumo niliourithi kwa fundi mwingine, na yule fundi, mungu ambariki, alikuwa ameandika onyo kabisa juu ya mstari wa bei, kwamba hii imeshabadilishwa kutoka faranga za Burundi, usizidishe tena. Sikuliona. Lilikuwa mbele yangu, kijivu kwenye weusi, saa tisa alasiri. Nikazidisha tena. Siku mbili ankara za wateja wa Burundi zikatoka na bei za ajabu na mwenye mali akapigiwa simu za matusi.

Baadae ndo nikasoma kwamba kuna kipimo kabisa, mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya herufi na rangi ya nyuma. Nikapima kile kijivu changu kikatoka 2.3. Yani hata kwenye chumba chenye kivuli kilikuwa hakifai, seuze kwenye jua la ziwani. Nikajaribu thimu ya Solarized, ile ya Ethan Schoonover ya mwaka 2011, ina rangi 16 na imepangwa kwa hesabu, nane za mandhari na nane za mkazo, na ina upande wa mwanga na upande wa giza. Kwa usiku niliipenda mno, macho yanapumzika. Kwa mchana dukani kwangu ilikuwa laini kupita kiasi. Nikaishia hivi: mchana nyuma pawe peupe kabisa na herufi nyeusi, maelezo nayapa bluu iliyokolea ili niyaone kuliko hata programu yenyewe, usiku narudi kwenye giza. Mwanzo nilipanga ibadilike yenyewe kwa saa, kumbe masika wingu linafunga saa tisa na ndani panakuwa giza, sasa naibadilisha mwenyewe kwa kitufe cha F5. Na kitu kimoja kilinitesa: ukitaka kubadili rangi ya kitu kimoja tu, kwa mfano maelezo, ule mstari wa highlight Comment uuweke CHINI ya mstari wa colorscheme, ule unaoita thimu, maana thimu ikipakiwa inafuta rangi zote zilizotangulia. Mimi nilikuwa nimeuweka juu, siku nzima najiuliza mbona haisikii.

La plagini inayojipangia upya nafasi na mistari ya faili kila ukisevu nalipitia haraka. Ilipanga upya faili zima la mwenzangu wa Kasulu tuliyekuwa tunafanya nae kazi, mimi nimegusa mistari 3, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ikaonyesha karibu yote imebadilika, akashindwa kujua nimefanya nini. Na kwenye faili la Python, lugha nyingine ya programu, ikachanganya spesi na Tab programu ikakataa kabisa kufanya kazi na TabError. Zima hicho kitu kwenye kazi za watu mpaka mkubaliane.

Ila lililonifundisha kuliko yote halikuwa langu. Kuna fundi mwenzangu wa Mwandiga nilimpa setingi zangu zote, kwa nia njema kabisa, nikamwekea mwenyewe kwenye mashine yake. Baada ya mwezi nikaona kwenye kazi tunazoshirikiana anarudisha vitu tulivyofuta. Mara ya kwanza nikasema kapitiwa. Mara ya tatu nikamuuliza kwa ukali kidogo, mbele ya watu, na hilo najutia. Akanijibu taratibu, "Kaka, mimi ile mistari naiona rangi moja." Haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Amekua nayo, hajawahi kumwambia mtu, na Git kwa kawaida inaonyesha kilichofutwa kwa nyekundu na kilichoongezwa kwa kijani. Kumbe sio jambo la ajabu, kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini wanakadiria ni kama 8 kwenye kila 100, na huku kwetu wapo pia, hatuwaulizi tu. Tulikaa nae jioni moja tukabadilisha kwa amri mbili tu za git config, color.diff.new ikawa bluu na color.diff.old ikawa njano. Alicheka peke yake. Akawa anafungua kazi za zamani anaziangalia upya.

Mwaka 2021 diski ya ThinkPad ikafa. Kazi za wateja zilikuwa GitHub, setingi hazikuwepo popote. Mistari 600 yote kwaheri. Nikaweka diski mpya, elfu themanini na fundi juu, nikafungua Vim tupu kama siku ya kwanza, na safari hii nikaamua sikopi kwa mtu. Nikachukua daftari la mkono, lile la kurasa 48, nikaliweka pembeni ya kibodi. Kila kitu kikinikera naandika. Kikinikera mara ya tatu, ndo natafuta mstari mmoja wa kukiondoa, nausoma kwenye :help mpaka nauelewa, nauweka kwenye .vimrc, lile faili la setingi za Vim, na juu yake naandika kwa Kiswahili kwanini upo na tarehe. Siku ya kwanza niliweka set number tu, kwasababu makosa ya PHP yanakutajia namba ya mstari na nilichoka kuhesabu. Wiki nzima sikuongeza kingine. Ilinishangaza jinsi ambavyo vitu vingi havikunikera kabisa, zile folda zenye vialama sikuwahi kuzikumbuka hata siku moja.

Leo faili langu lina mistari 47, karibu nusu ni maelezo. Plagini 3. Lile faili la .swp halijazimwa, na nimeongeza undofile ili hata nikifunga faili na kurudi kesho niweze kurudisha nyuma nilichofanya jana. Lote liko GitHub, mashine ikifa nalishusha kwa bando la simu kabla chai haijapoa.

Kama tayari unatumia setingi za mtu na hujui nini kinatoka wapi, usizifute kwa hasira. Fungua kwanza vim --clean, inawaka bila setingi zako, ukiona tatizo limeondoka ujue liko kwenye faili lako, ukiona lipo palepale basi ni la mashine au terminali. Ukitaka kujua nani kabadilisha kitu fulani andika :verbose set tabstop? (weka jina la setingi unayoitafuta) inakutajia mpaka faili lililoiweka mara ya mwisho, mimi ningeijua hii mwaka 2020 ningelala. Na ikiwa inachelewa kuwaka, vim --startuptime na jina la faili la kuandikia, inakuandikia kila kitu kimekula muda gani, yangu ya mistari 600 ilikuwa inachukua karibu sekunde 3, na nusu ya muda huo ilikuwa ya plagini moja ya vialama. Wa VS Code na nyie mna settings.json, ni maandishi tu, lina faida hizohizo na hatari hizohizo, lifungueni mlisome mstari kwa mstari.

Yule dogo nilimpa daftari jipya na kalamu, nikamuonyesha mstari mmoja wa namba, basi. Wiki ya kwanza alikuwa ananung'unika. Jana jioni kanionyesha faili lake, mistari 6. Mmoja unaifanya herufi ya spesi iliyobaki mwisho wa mstari ionekane kama kidoti, juu yake kaandika "nilipoteza saa nzima kwa spesi moja, tarehe 9". Nikamuomba ruhusa, nikauandika kwenye daftari langu.